Ubeti wa Pili

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msije mkanipa sifa zisizo zangu. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa ng'ombe mwenye pembe ingawa nimekulia katika nyumba ambayo ng'ombe alilala humo humo na sisi, na kuliko vyote naogopa maradhi. Kwa hiyo ukisikia kwamba miaka ile ya hamsini, pale Kariakoo, nilikuwa mmoja wa Wakristo waliozunguka mitaani kuhudumia wagonjwa, ujue nilikuwa nyuma kabisa, nimeshika kikapu, macho yanatafuta njia ya kutokea.

Tulikuwa wanne. Mimi; mume wangu, aliyekuwa karani wa ghala moja karibu na reli; seremala mmoja mtu mzima, aliyekuwa mzee wa kanisa; na rafiki yangu. Sote tulishuka kutoka mlimani, Kilimanjaro. Rafiki yangu nilikua naye, migomba ya kwao ikipakana na ya kwetu. Alisomea uuguzi katika hospitali ya misheni kule juu, kisha akaja Dar es Salaam na jambo moja kichwani: Mungu amemwita akahudumie watu wa mbali, bara huko, ambako hakuna hospitali wala barabara. Kanisa lilikuwa bado halijampa ruhusa. Akasema wakati anangoja hatakaa bure, akapanga chumba katika nyumba ile ile tuliyopanga sisi.

Jumapili baada ya ibada alitukusanya. Twende kwa fulani, mguu wake umeoza na hakuna wa kumwosha. Twende kwa fulani, amejifungua na hana wa kumfulia. Yeye aliuita utume. Mume wangu aliuita amri ya jeshi, maana hakuna aliyewahi kumkatalia, na mimi ndiye niliyejaribu mara nyingi zaidi.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama zote za mtaa ule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua wenye jiko na choo, na pembeni mwa ua banda la kupangisha, lenye mlango unaotazama kichochoroni. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja Mwarabu wa Kishihiri, mjane, mtu wa swala tano na ulimi mkali. Bandani aliishi peke yake mwanamke wa Kirufiji, muuza vitumbua. Harufu ya vitumbua vyake ndiyo iliyotuamsha kila siku. Nyumba nzima tulivila. Binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaota meno, alivimung'unya mpaka shingo ikalowa mate.

Asubuhi moja harufu haikuja. Tukadhani amelala. Ya pili yake pia haikuja, na rafiki yangu akaenda kubisha hodi. Alikaa kidogo tu humo ndani. Aliporudi ukumbini akasimama mbali nasi, mikono ameiweka nyuma.

"Msinisogelee," akasema. "Ni ndui."

Vijana wa leo wamezaliwa dunia imeshaisahau ndui, na ni heri yao. Sisi tuliiona. Shangazi yangu ilimwacha hai, lakini ilimchukua jicho moja na uso wote, na tulipokuwa watoto tuliambiwa tumbusu nasi tukajificha chini ya uchaga wa ndizi. Basi niliposikia neno lile damu ilinikauka. Nikafikiria vitumbua. Mara ya mwisho nilikula lini? Mtoto alikula lini? Nikamwinua binti yangu, nikamtia kidole mdomoni, nikampekua ufizi, kana kwamba kitumbua cha juzi kingali mle na naweza kukitoa. Akalia, nami nikalia.

Na hapo ndipo sisi watu wa mlimani tulipofanya kosa letu, kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya hata akilewa. Kwetu, kwa Wakristo, mgonjwa mahututi haendewi kimyakimya. Mnakusanyika mlangoni, mnaimba kwanza, ndipo mnaingia, ili ajue kwamba waliokuja ni watu wake. Seremala alipofika mchana huo na mume wangu aliporudi kazini, tukasimama wote wanne kichochoroni, mbali na mlango wa banda, tukaimba. Tuliimba vizuri tu. Sauti ya nne ya seremala ilikuwa nzito, ikafika sokoni.

Lakini mtaa ule ulikuwa wa Waislamu, na Wakristo wakiimba pamoja barabarani watu wale walikuwa wamewasikia pahali pamoja tu: nyuma ya jeneza. Hatujamaliza ubeti wa pili, mwanamke mmoja nyumba ya jirani akapiga yowe. Mwingine akapokea. Wanawake wakatoka wamejifunga kanga viunoni, wanaume wakaja na mikeka begani, mmoja ameshatangulia msikitini kuuliza habari za jeneza. "Nani kafa? Nani kafa?" Na kila aliyeuliza alijibiwa na kilio. Sisi tumesimama na vitabu vyetu mkononi, midomo wazi.

Huyu wa ndani alituhadithia baadaye. Homa imemshika, anasikia nyimbo, kisha anasikia watu wanalia, wanalitaja jina lake. Akajua ameshakufa. Alisema kilichomsumbua ni kwamba malaika wameimba kwa Kiswahili kibaya.

Bibi alitoka uani na bakora ya marehemu mumewe. Aliwarudisha watu na mikeka yao, kisha akatugeukia.

"Nyie watu wa milimani," akasema, "kwenu mtu huzikwa akiwa hai?"

Rafiki yangu akamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akamweleza mambo yalivyo, bila kupunguza. Bibi aliposikia ndui aliishusha bakora akaiegemea. Akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao," akaingia ndani, na mlango wake ukafungwa kwa komeo.

Bwana Afya alikuja na wasaidizi wake kesho yake. Tulipangwa uani, wakubwa kwa wadogo, tukachanjwa. Akasema kambi ya karantini imejaa, haiongezeki hata mkeka, kwa hiyo mgonjwa atabaki humo humo bandani mpaka vigaga vyake vianguke. Mtu mmoja anaweza kuingia kumuuguza. Akiingia, hatoki. Chakula kiwekwe kichochoroni juu ya kigoda, mwenye kukileta arudi nyuma. Hakuna kugonga mlango, hakuna kusogea, watoto wafungiwe. Na mwuguzi mwenyewe akianguka, aarifiwe upesi, wote wawili wachukuliwe kwenda kambini hata kama watalala nje.

Habari za kambini tulikuwa nazo. Hamali mmoja wa mtaa wa pili alipelekwa akiwa anatembea kwa miguu yake, akarudi juu ya mkokoteni wake mwenyewe.

Bwana Afya alipouliza nani ataingia, sikutazama upande wa rafiki yangu. Nilijua. Alikuwa ameshafunga nguo zake katika kanga.

Nilimvuta pembeni ya jiko. Nikamwambia maneno yote niliyokuwa nayo. Nikamwambia yule si ndugu yako, si wa dini yako, ana kwao Rufiji. Nikamwambia chanjo ya leo haijakaa hata siku moja mwilini, na ile ya utotoni nani anajua kama ilishika. Nikamwambia mama yako atakuja kuniuliza mimi.

"Sasa unataka aingie nani?" akauliza. "Wewe una mtoto. Bibi ni mzee. Nibaki nje kesho nisimame kanisani kuomba nitumwe bara kwenye wagonjwa?"

"Omba utumwe baadaye."

Akacheka, akanishika mkono penye chanjo yangu mbichi bila kukusudia, nikaruka kwa maumivu, akacheka zaidi. Ndivyo alivyoingia, anacheka. Mlango wa banda ukafungwa.

Tulipatana hivi kabla hajaingia. Kila asubuhi nitaleta uji, nitauweka kwenye kigoda, nitarudi mpaka ukuta wa pili wa kichochoro, niimbe ubeti wa kwanza wa wimbo wetu mmoja wa asubuhi. Yeye ataitika kwa ubeti wa pili akiwa ndani. Akiitika, ni mzima. Asipoitika, nimwite Bwana Afya. Ilinibidi nikaombe ruhusa kwa Bibi, maana nyimbo alikuwa ameshazipiga marufuku. Nilizungumza naye kupitia mlangoni.

"Ubeti mmoja wewe, mmoja yeye," akasema. "Ukizidisha, nakutoa nyumbani kwangu. Na mimi nitawaambia majirani ni salamu."

Basi nikawa mwimbaji, mimi ambaye kanisani nilisogeza midomo tu. Kila asubuhi nilibeba mabakuli ya uji. Nilikuwa nimefunga kanga puani kana kwamba ndui ni harufu. Nikiweka uji nilirudi nyuma mbio mpaka mgongo unagota ukutani, ndipo naimba, sauti imekonda. Halafu nangojea. Pengo lile la kungojea, kati ya ubeti wangu na wa kwake, sijui lilikuwa refu kiasi gani kwa watu wengine. Kwangu mimi lilitosha kumzika, kuandika kwa mama yake, na kusimama mbele ya mama yake. Kisha sauti yake inakuja, ya juu, safi, ya kichokozi kidogo, na mimi napata pumzi. Nilirudi ndani naosha mikono kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikapasuka.

Chanjo zetu zilishika. Mkono wa mume wangu ulivimba, wangu ulivimba, wa binti yangu ulivimba akawa hashikiki kwa kilio, nami nikafurahia kilio kile. Rafiki yangu alikuwa ameniambia kwamba mkono ukivimba ni dalili njema. Asubuhi moja baada ya kuitika alifungua mlango kidogo, akatoa mkono wake nje nikauona. Ulikuwa laini. Hakuna uvimbe, hakuna usaha, kama mkono wa mtu ambaye hakuchanjwa kabisa.

"Ama ile ya utotoni bado inanilinda," akasema kwa sauti ya kunifikia, "ama hii haikushika. Tutajua."

Tutajua. Alisema kama mtu anayeongelea mvua. Siku hiyo sikula, na nilipomnyonyesha mtoto maziwa yalikataa kushuka. Mume wangu aliniambia nimwachie Mungu. Nikamwambia Mungu nimemwachia, ila nabaki hapa hapa nimwangalie anavyofanya. Hakupenda.

Mgonjwa alianza kupata nafuu. Tulijua kwa sababu mabakuli yote mawili yalirudi kwenye kigoda yamelambwa. Rafiki yangu alinitangazia kutoka ndani kwamba vigaga vimeanza kuanguka, na kwamba Mrufiji sasa ana nguvu za kubisha. Nikaanza kupanga moyoni jinsi tutakavyomkaribisha kwa ndizi na nyama. Hata Bibi alikuwa akiacha dirisha lake wazi saa ile ya uji, ingawa ukimwangalia anajifanya anatia uzi kwenye sindano.

Kisha ikaja asubuhi ile. Niliweka uji, nikarudi ukutani, nikaimba. Kimya.

Nikasema hajasikia. Nikaimba tena, kwa nguvu, nikavunja sharti la Bibi. Kimya. Kuku alikuwa akiparua takataka karibu na mlango na nilisikia kucha zake. Nikataka kukimbilia kwa Bwana Afya, na miguu ikagoma, maana kumwita yeye ni kumpeleka kambini, alale nje na homa hiyo. Nikataka kukimbilia mlangoni, miguu ikagoma zaidi, maana mtoto wangu alikuwa ndani ya nyumba ile na mwili huu ndio unaomnyonyesha. Nikabaki nimebandikwa ukutani. Nilimwogopa Bwana Afya, nikaogopa mlango, nikaogopa na kimya chenyewe.

Ndipo ikatoka sauti.

Mwanzoni sikuelewa kinachoimbwa. Ilikuwa sauti nzito, kavu, ya mtu aliyelala muda mrefu, nayo ilipanda na kushuka na kuvuta mwisho wa kila mstari, vile wanawake wanavyovuta kwenye maulidi. Nilidhani ni kaswida. Nikasikiliza. Maneno yalikuwa ya ubeti wa pili. Wote, neno kwa neno, haukupungua hata mstari mmoja. Alikuwa ameusikia kila asubuhi kitandani pake, akaukariri.

Aliponyamaza, nikaita, "Mwenzio yuko wapi?"

Hakujibu. Mkono wenye madoa meupe ukatoka, ukachukua uji, mlango ukafungwa.

Nilikwenda dirishani kwa Bibi, nikamwambia.

"Umeimba?" akauliza.

"Nimeimba, Bibi."

"Umeitikiwa?"

"Nimeitikiwa, lakini si yeye."

"Mapatano yenu yalikuwa usipoitikiwa umwite Bwana Afya." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Umeitikiwa. Basi."

Sijui kama tulifanya sawa. Siku zilizofuata ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimezaa watoto sita. Kila asubuhi naimba, kila asubuhi naitikiwa kwa mahadhi yale ya maulidi, na kila asubuhi nauliza na sijibiwi. Seremala alikuwa akija kunisindikiza, akisimama na kofia mkononi, na siku moja nilipopita karakanani kwake nikamwona, futi mkononi, anachagua mbao za urefu wa mtu. Nilimpokonya futi yake. Tangu siku hiyo akaacha kuja mwenyewe, akawa anamtuma mkewe na maziwa.

Aliyekuja badala yake ni Bibi. Alitoka na baibui lake, akasimama kando yangu ukutani, bakora mkononi. Asubuhi moja mchukuzi mmoja aliyekuwa akipita na gunia la nazi alisikia ninavyoimba, akatua mzigo, akavua kofia.

"Poleni. Nani kafa?"

"Hajafa mtu," Bibi akasema. "Wanaamkiana. Pita na nazi zako."

Na mlango ulipofunguliwa, mwisho wa yote, Bwana Afya ndiye aliyeufungua. Alitangulia Mrufiji, mwembamba, uso umetobolewa kote, anatembea kinyumenyume kwa sababu kwa mikono yote miwili amemshika mtu. Rafiki yangu alikuwa mdogo, sijui niseme vipi, alikuwa amepungua akawa kama alivyokuwa tulipokwenda pamoja kukata majani ya ng'ombe. Madoa usoni hayakuwa mengi. Chanjo ilisaidia kidogo, Bwana Afya alisema, moja kati ya zile mbili. Nilimkimbilia, halafu nikasimama, halafu nikamkimbilia tena. Alifungua mdomo kuniambia kitu na hakikutoka. Vidonda vilikuwa vimemjaa kooni. Sauti ilirudi baada ya miezi, lakini ilirudi ya mnong'ono, na ile ya juu, ya kichokozi, haikurudi tena.

Mrufiji nilimuuliza baadaye kwa nini hakuwa akinijibu, kwa nini aliniacha nife mara nyingi vile ukutani. Alikuwa anachanganya unga wa vitumbua, ambavyo nilikuwa bado siwezi kuvila.

"Ulikuwa ukiniuliza mwenzangu yu hali gani," akasema. "Na mimi nilikuwa sijui kama atavuka mchana. Ningekwambia nini, dada? Wimbo nilikuwa naujua."

Mngedhani yaliishia hapo. Kanisa lilimpa ruhusa. Ilisikika kwamba ndui imeingia vijiji fulani bara, mbali kabisa na reli, na wauguzi wanaogopa kwenda. Rafiki yangu alikaa kitandani kwangu, akaninong'oneza kwamba ndui haimrudii mtu, kwa hiyo sasa ana kitu ambacho wenzake hawana. Alinong'ona kwa furaha. Nikamwambia ndui haimrudii mtu, lakini yako mengine: homa, simba, mito, na upweke. Nikamwambia kule hakuna mtu wa kukuletea uji. Nilimkasirikia kiasi cha kumgeuzia mgongo. Akanifungia mtoto mgongoni vizuri, maana nilikuwa nimemfunga upande, akaenda kufunga mizigo yake.

Tulimsindikiza stesheni: sisi, seremala na mkewe, na Mrufiji. Bibi alisema yeye anapita tu, anakwenda mtaa wa Gerezani kuna shughuli, kisha akasimama nasi mpaka gari la moshi lilipoanza kutikisika. Rafiki yangu alikuwa dirishani. Sikuwa nimekusudia. Nilijikuta naimba ubeti wa kwanza, pale mbele za watu wote, wazungu kwa weusi, mimi ambaye naona haya kuita muuza maji. Yeye akafungua mdomo dirishani, akaitika, nami niliona midomo ikienda lakini sauti haikutufikia. Ni lile pengo tena. Ndipo kando yangu Mrufiji akaupokea ubeti wa pili, kwa mahadhi yake yale, akaufikisha mwisho, na mabehewa yakawa yanapita.

Mzee mmoja mwenye kikapu cha kuku akamgusa Bibi begani, akauliza kwa adabu nani kafa.

"Hajafa mtu," Bibi akasema. Akayatazama mabehewa mpaka la mwisho. Akarudia, chini zaidi, si kwa yule mzee, "Hajafa mtu," akanishika mkono, akageukia njia ya nyumbani, si ya Gerezani.